Chuma Changu, Akili Yao

Jumanne, 27 Septemba

Nyuzijoto kumi na moja. Upepo wa magharibi, mkavu. Unyevu wa ngano asilimia kumi na nne. Siku kama hii kwa kuvuna hupati mbili kwa mwaka.

Hatukuvuna.

Saa nne na dakika ishirini asubuhi kombaini ilisimama katikati ya ekari mia nne. Haikukohoa, haikutoa moshi, haikuvunjika. Ilisimama tu, na kwenye kioo kukatokea maandishi mekundu: kihisi cha mzunguko hakisomeki, wasiliana na wakala aliyeidhinishwa. Kihisi chenyewe ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Kazi yake ni kuhesabu pipa la kupuria limezunguka mara ngapi. Waya umekatika. Basi.

Nikawapigia kampuni ya Brenholt, watengenezaji wa mashine. Msichana wa simu, mpole sana, akasema fundi wao Darcy atafika Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 8, kwa sababu mkoa mzima unavuna na fundi ni mmoja. Nikamwambia theluji nayo inatabiriwa tarehe 8. Akasema ataliandika hilo kwenye fomu.

Mke wangu Verna alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. Alisema miaka miwili ya ukame tumeivumilia, mwaka huu ngano imefika mkandani, na hii ikilala chini ya theluji yeye anauza shamba na tunahamia ghorofani mjini Regina, karibu na dada yake. Nitapata kazi ya kumwagilia ua kwenye kopo.

Babu yangu alilifyeka shamba hili kwa shoka na ng'ombe wawili. Sitamwagilia ua kwenye kopo.

Nina mpango.


Jumatano, 28 Septemba

Nyuzi kumi na mbili. Kavu tena. Inauma.

Mpango: kule kwenye jalala la vyuma la Kelmar kuna kombaini kama yangu iliyoungua mwaka juzi. Aina ile ile, namba ile ile. Nimekichomoa kihisi chake, nimekisafisha, nimekifunga kwangu kwa dakika arobaini. Kazi safi. Nikawasha.

Kioo kikasema kifaa hiki hakitambuliki. Kisha mashine ikajipunguza yenyewe hadi mwendo wa kurudi nyumbani. Kobe angenipita.

Nikampata Darcy mwenyewe kwenye simu, akiwa juu ya mashine ya mtu mwingine. Akasema, "Mzee wangu, hicho kidude lazima kitambulishwe kwa laptopu yangu. Bila hivyo mashine haikijui." Nikauliza kama ni mchumba. Akasema ndiyo, mchumba, na mshenga ni yeye, na mshenga yuko mbali kilomita mia mbili. Nikamkumbusha kwamba mashine nimeilipia yote, mali yangu, imo kwenye shamba langu. Akasema, "Chuma ni chako, mzee. Akili yake si yako. Akili umeruhusiwa kuitumia tu."

Nimeutoa mkataba kwenye faili. Kurasa sitini na tatu. Nimesoma hadi chakula cha mchana. Ukurasa wa arobaini na moja unasema hivyo hivyo alivyosema Darcy, ila kwa maneno mengi zaidi. Saini yangu iko chini ya kila ukurasa, hata kurasa ambazo hawakuomba saini. Nilikuwa makini siku ile.

Alasiri nilikwenda duka la ushirika, kwenye meza ya kahawa, nikawaeleza wazee wenzangu juu ya dhuluma hii. Nilitegemea hasira. Halvor Tveit akaharibu.

Halvor ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Ana kombaini kama yangu, mpya zaidi kwa mwaka mmoja, na ada zote analipa hata zile za hiari. Tangu mwaka 1991 tunashindana nani atamaliza kuvuna kwanza, na anayeshindwa hununulia meza nzima pai. Nimenunua pai mara ishirini na mbili. Halvor akasema mbele ya watu wote, "Ulisaini mwenyewe, Nestor. Hakuna aliyekushika mkono." Akaongeza kwamba kuna mtu kule kaskazini aliyeidanganya mashine kuhusu kufuli la usalama, na mashine ikamla mkono hadi begani. Na wale walioandika hiyo programu nao wana watoto wanaokula. Wazee wakatikisa vichwa. Wendell, msimamizi wa duka, akatikisa zaidi.

Pai yake Halvor hakuila. Aliisukuma upande wangu. Nikaila, kwa sababu chakula hakina kosa. Nimeona amekonda. Suruali inashikwa na mkanda tu. Nadhani anajitayarisha kwa harusi ya mpwa wake ili apendeze kwenye picha. Majivuno.


Ijumaa, 30 Septemba

Nyuzi kumi. Mawingu mepesi.

Mpango wa pili, na huu ni wa kisomi. Kule nchi ya kale, walikotoka mababu zetu, kuna vijana wanaouza programu ya kufungua kombaini kwa wakulima wa dunia nzima. Niliinunua jana, ikaingia kwenye kompyuta ya Verna. Maandishi yake yote ni ya Kiukraine. Mtu mwingine angekwama hapo. Lakini mimi ni Nestor Prychak, nimelelewa na bibi yangu.

Nikiri jambo hapa kwenye shajara, ambapo hakuna anayesoma. Kiukraine changu ni cha mwaka 1912. Bibi alikuja nacho ndani ya meli na hakuwahi kukiongezea kitu. Najua sala, vyakula, maradhi ya ng'ombe na matusi matano. Kuhusu kompyuta bibi hakuniachia neno hata moja.

Niliunganisha waya. Yakatokea machaguo manne. La kwanza, la pili na la nne sikuelewa chochote. Katika la tatu niliona neno ambalo padri hulisoma siku ya Pasaka, pale jiwe la kaburini linapoondolewa. Nikaona ni ishara njema. Nikabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Kiti kikashuka chini kabisa, pole pole, nami nikiwa juu yake. Kisha maandishi mekundu: mashine imefungwa kwa usalama wako, taarifa imetumwa kwa kampuni. Sasa haiendi hata mwendo wa kobe. Haiwaki. Taa haziwaki. Kitu kimoja tu kinachofanya kazi ni redio, na imekwama kwenye idhaa ya hali ya hewa.

Nilikaa pale chini nikiisikiliza. Theluji tarehe 8. Sentimita ishirini hadi thelathini.


Jumapili, 2 Oktoba

Manyunyu asubuhi. Unyevu asilimia kumi na saba.

Baada ya ibada akina mama walitoa chakula ukumbini. Pirohi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, vya viazi na jibini, vitunguu vya kukaanga, maziwa mgando mazito juu yake. Nilikula ishirini na mbili. Nahesabu kila mwaka. Ilikuwa kwa sababu ya mawazo.

Saa kumi jioni kifua kikaniuma, hapa, chini ya titi la kushoto. Verna alinitia kwenye pikapu, akaendesha kilomita hamsini hadi hospitali, mikono miwili kwenye usukani. Walinibandika vibandiko kumi mwilini, wakaunganisha nyaya, mashine ikachora milima. Daktari kijana akasoma ile karatasi, akasema moyo wangu ni wa ng'ombe dume. Tatizo ni tumbo. Nipunguze mafuta. Hakunitoa vibandiko, mgonjwa mwingine alikuwa anaingia.

Njiani kurudi Verna aliendesha mpaka daraja la reli. Ndipo akasema, kwa ile sauti yake kavu, kwamba ningekufa kweli walau ngano ingeingia ghalani.

Alikuwa anasema kwa uchungu. Lakini ana hoja.

Hapa kwetu mtu haombi. Mashine yako ikiharibika unasubiri zamu yako ya fundi, na mzima anayekwenda kuomba mashine ya mwenziwe wakati wa mavuno hataongeleshwa mpaka Krismasi. Ila ugonjwa ni jambo jingine. Mgonjwa haombi, na hakuna anayesubiri kuombwa. Wendell hubandika karatasi mlangoni pa duka, watu wanaandika majina, na siku moja wote wanaacha mashamba yao na kuja. Pete Yaremko alipopooza walikuja na kombaini tisa. Walimaliza kabla ya saa ya kukamua. Ni siku moja tu. Mara moja kwa msimu, maana kila mtu ana shamba lake linalomngoja.

Nimelala chali. Vibandiko vinawasha.

Nina mpango.


Jumatatu, 3 Oktoba

Nyuzi sita. Upepo wa kaskazini.

Nilikwenda kwenye meza ya kahawa bila koti, vifungo vitatu vya juu vikiwa wazi. Wengine wote walikuwa na makoti ya baridi. Naandika hapa kila neno lililosemwa, ili ijulikane kwamba sikudanganya.

Wendell alisimama na birika mkononi, akauliza hivyo vitu kifuani mwangu ni nini. Nikafunga kifungo kimoja. Pole pole. Nikasema si kitu, ni hospitali tu. Akauliza daktari kasemaje. Nikasema, "Kasema nipunguze."

Ni kweli. Alisema nipunguze.

Nikaacha kahawa nusu kikombe, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu. Nilipoinuka Halvor naye aliinuka, akishika meza. Akaniwekea mkono begani. Mkono mwepesi, kama mguu wa kuku. Akasema, "Pole, jirani." Tangu 1991 ananiita Prychak, au ananiita mnunua pai.

Nilijisikia vibaya mpaka kwenye pikapu. Halafu nikawasha kipasha joto.


Jumanne, 4 Oktoba

Nyuzi tano. Utabiri: Alhamisi kavu, siku hiyo moja tu. Ijumaa mvua inayogeuka theluji. Jumamosi theluji.

Karatasi imebandikwa. Nestor Prychak, moyo, Alhamisi. Nimeipitia kwa gari mara mbili kwa mbali, sikushuka.

Saa sita Wendell akapiga simu nyumbani. Verna ndiye aliyepokea. Nilikuwa mezani, nilimsikia akisema ndiyo, ndiyo, mmesikia nini? Akanitazama. Macho yake yakashuka hadi kwenye shati, kwenye vibandiko ambavyo alikuwa ameniambia niviondoe tangu Jumapili.

Angeweza kusema. Alikuwa na simu mdomoni. Aligeuka akatazama dirishani, ngano imesimama mpaka kwenye upeo wa macho, na juu yake wingu la rangi ya risasi. Alitazama muda mrefu hadi Wendell akamwita jina lake.

Akauliza watakuja watu wangapi kwa chakula cha mchana.

Baadaye alichemsha mayai trei tatu. Hakunisemesha. Nilipomshukuru alisema nisimguse.


Alhamisi, 6 Oktoba

Nyuzi tisa, jua, upepo mkavu. Unyevu asilimia kumi na nne na nusu.

Saa nne walikuwa wameshafika wote. Kombaini saba, malori matano. Waliingia kwa mstari kwenye barabara ya changarawe, taa zikiwaka mchana. Wakanikalisha kwenye kiti cha kukunja ukingoni mwa shamba na blanketi miguuni, karibu na kombaini yangu iliyokufa. Kila aliyepita alinipungia mkono. Nilipunga kwa udhaifu. Ilinichosha kuliko kuvuna.

Halvor alikuja wa kwanza, mwenyewe, na mashine yake. Alichagua lile bonde lenye matope ambalo hakuna anayelitaka. Ninasema ukweli: hakuna mtu wilaya hii anayevuna kama Halvor Tveit. Mistari yake imenyooka kama imepigwa rula. Mara mbili aliteremka, akaenda nyuma ya lori, akatapika. Nilimwita Verna nikamwambia aziangalie sandwichi za mayai, kwamba Halvor zimemdhuru. Verna akasema Halvor hajagusa chakula tangu afike.

Saa kumi na moja na nusu wakamaliza. Ekari mia nne. Ghala zote mbili zimejaa hadi juu, milango imefungwa.

Halvor alikuja kwenye kiti changu kabla ya kuondoka. Uso wake ulikuwa wa rangi ya vumbi, lakini sote tulikuwa wa rangi ya vumbi. Akasema, "Haya, mwaka huu umenishinda. Umemaliza kwanza." Nikamwambia aandae pesa ya pai. Akacheka mpaka akashika ubavu. Kanola yake, ile mbegu ya kukamulia mafuta, ekari mia tatu, ilikuwa ng'ambo ya barabara, imeshakatwa na kulazwa kwa mistari, inangoja tu kuokotwa na mashine. Nilimuuliza ataanza lini. Akasema akipata nafasi.

Ngano yangu imo ndani. Naandika tena kwa sababu inapendeza. Ngano yangu imo ndani.


Jumamosi, 8 Oktoba

Nyuzi mbili chini ya sifuri. Theluji tangu alfajiri. Sentimita ishirini na nane kwenye kijiti cha kupimia.

Darcy amefika, kama ilivyopangwa. Akachomeka laptopu, akakitambulisha kile kihisi cha jalalani, mashine ikawaka. Dakika tisa. Nimezipima kwa saa. "Ndoa imefungwa," akasema.

Kisha akaniuliza kama nimeweka kitu kutoka nje. Nikasema hapana. Akakigeuza kile kioo upande wangu. Yote yalikuwa yameandikwa: Ijumaa tarehe 30, saa, dakika, sekunde, chaguo la tatu. Mashine nayo ina shajara. Ni nadhifu kuliko yangu.

Dhamana ya mashine imekufa. Mara hii wamefungua; safari nyingine watafikiria. Darcy hakuwa na hasira. Alisema baba yake ana shamba na anamtukana kila Jumapili kwa kazi hii. Alisema hata yeye, fundi, hawezi kufungua bila namba wanayomtumia kila asubuhi, na asubuhi wasiyoituma yeye ni mtu mwenye bisibisi tu.

Alipokuwa anafunga begi alitazama ng'ambo ya barabara. Mistari ya kanola ya Halvor ilikuwa imefunikwa. Akasema inasikitisha, hasa kwa mtu wa hali ile. Nikauliza hali gani.

Akanitazama kama mtu aliyejikwaa. Akasema alidhani wote tunajua. Mwezi wa nane aliitwa kwa Tveit kumfundisha Doreen, mke wa Halvor, kuendesha kombaini. Siku hiyo Halvor aliuliza kama haki ya kutumia programu inaweza kuhamishiwa jina la mke wake. Kampuni ilimjibu kwamba haki ni ya aliyesajiliwa, na kuihamisha lazima aende mwenyewe, na mwili wake, akasaini ofisini mjini. Halvor akasema atakwenda mavuno yakiisha.

Nikauliza kwa nini alitaka kuhamisha. Darcy akasema niulize jirani, si fundi.


Jumapili, 9 Oktoba

Nyuzi tano chini ya sifuri. Hakuna upepo.

Verna alikwenda kwa Doreen na sufuria ya kabichi za kukunja. Alirudi baada ya saa mbili. Alinieleza akiwa amesimama, koti mwilini, theluji ikiyeyuka kwenye zulia.

Ni saratani ya kongosho. Walijua tangu Agosti. Halvor alikataza mtu yeyote asiambiwe, alitaka aingize kanola yake ya mwisho kwa mkono wake kisha ndipo aseme. Lakini nguvu zikamwishia mapema. Jumanne Doreen alichoka kuficha. Alivaa, akaenda dukani kumwambia Wendell, waje. Akakuta karatasi mlangoni. Akasoma jina. Akarudi nyumbani.

Alimwambia Halvor kwamba bado anaweza kwenda kusema, watu wataelewa, watagawana. Halvor akamwambia, "Acha, Doreen. Mwache wa moyo atangulie. Moyo hausubiri. Hili langu limeshaamua."

Na Alhamisi akawasha mashine akaja.

Verna aliniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Akauliza, "Na?" Nikasema hakuna aliyeniambia. Nikasema pia kwamba mtu akiwa mgonjwa ni wajibu wake aonekane mgonjwa, ndiyo maana ya utaratibu wetu, na kwamba mimi sikutamka uongo hata mmoja, nina maandishi.

Amehamia chumba cha binti yetu.

Nimesimama dirishani. Mistari ya kanola imevimba kidogo chini ya theluji, mmoja baada ya mwingine, kama mbavu chini ya shuka. Nilijaribu kuihesabu. Nikaacha kwenye arobaini.


Jumamosi, 18 Februari

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.

Tumemzika Halvor.

Ardhi ilikuwa chuma. Siku mbili kabla, kama desturi, ilibidi kuwasha moto wa majani makavu juu ya mahali pa kaburi na kuufunika kwa mabati ili udongo ulainike. Majani kwa kawaida hutoka shamba la marehemu. Kwa Tveit hakukuwa na jani kavu hata moja. Wendell akanipigia. Nikapeleka marobota sita ya majani ya ngano, yale ya kutoka kwenye bonde. Yaliwaka vizuri.

Pale makaburini Wendell aliniuliza moyo unaendeleaje. Nikasema, "Napunguza."

Verna alikuwa amesimama upande wa Doreen.


Jumamosi, 15 Aprili

Nyuzi nne. Matope. Bukini wamerudi.

Leo ulikuwa mnada kwa akina Tveit. Doreen anahamia mjini, kwenye ghorofa. Ana ua kwenye kopo tayari; nimeliona dirishani.

Nilikwenda kwa ajili ya kombaini. Yangu ina doa kwenye kumbukumbu zao, ikisimama tena hawatakuja. Ya Halvor ni safi, haijachezewa hata mara moja, ada zimelipwa hadi mwisho wa mwaka. Mnadishaji alipotaja bei ya kuanzia niliinua mkono. Hakuna mwingine aliyeinua. Wazee wote wa meza ya kahawa walikuwa pale, mikono mifukoni, wakitazama viatu vyao. Nilidhani ni heshima kwangu, kama jirani. Nikaipata kwa nusu ya thamani.

Verna hakuja. Aliniambia asubuhi kwamba nikiileta mashine hiyo nyumbani asiione kutoka jikoni. Nimeiegesha nyuma ya ghala.

Nikapanda. Kiti bado kina umbo lake. Chini ya kiti kulikuwa na glavu moja na risiti ya pai, ya tarehe 7 Oktoba, meza nzima. Nilikuwa nimesahau. Ijumaa ile sikwenda dukani, nilikuwa napumzika.

Nikawasha. Kioo kikasema: Karibu, Halvor. Thibitisha ni wewe kwa namba tuliyoituma kwenye simu yako.

Nikampigia Darcy. Akasema, "Mzee, kwa nini hukuuliza kabla? Kila mtu aliuliza." Akaeleza. Nimenunua chuma. Akili ilikuwa ya kampuni, na ruhusa ilikuwa ya Halvor, na Halvor hakufika ofisini kusaini. Sasa ni fomu za mirathi, mwanasheria, miezi minane labda kumi. Mavuno yatakuwa yamepita. Nilimwambia kwamba huu ni wizi, kwamba mtu anayenunua kitu awe na haki ya kukitumia. Darcy akasema labda niko sahihi. Akaniambia ninywe chai nilale.

Sikulala. Nimewaza kwa utaratibu.

Namba inatumwa kwenye simu ya Halvor. Simu ya Halvor haijakatwa. Verna aliwahi kuniambia Doreen anaiweka kwenye chaji jikoni, karibu na birika, na kila asubuhi anaipigia kwa simu yake ili asikie sauti ya Halvor ikisema hayupo kwa sasa, acha ujumbe. Anahama Jumatano. Kwa hiyo nina siku tatu. Nahitaji simu ile kwa dakika tano tu, pengine tatu.

Kumwomba haifai. Hapa kwetu mtu haombi. Lakini mzee akizidiwa ghafla mlangoni, akiwa amepeleka pole, hakuna atakayemkataza kukaa jikoni wakati mwenye nyumba anakimbilia maji na blanketi.

Vile vibandiko kumi niliviweka kwenye bahasha, nikaandika tarehe. Nimejaribu kimoja sasa hivi. Bado kinanata.